Nchi Inayokunywa Kahawa Yake

Hotuba kwa wanachama wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, Kilimanjaro

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, baba zangu na mama zangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: shikamooni wakubwa wangu, na wenzangu habari za asubuhi.

Mwenyekiti ameniomba nieleze nilivyoiona Ethiopia, nchi niliyoishi na kufanya kazi ya kuonja kahawa, kwanza Addis Ababa, baadaye Jimma. Amenitahadharisha nisiwachoshe kwa utaalamu, nizungumzie watu. Nitajitahidi. Ila mbele ya wakulima wa kahawa siwezi kuwaeleza watu wa kule nikaiacha kahawa pembeni, kwa sababu wao wenyewe hawaiachi pembeni hata siku moja.

Kwanza saa. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi: jua likichomoza ndipo siku inaanza, na saa moja asubuhi kwao ni saa moja asubuhi. Wageni wengine pale ofisini, wakiambiwa kikao ni saa tatu, walikuwa wakitokea saa tisa alasiri na kukuta watu wameshatawanyika. Mimi nilifika saa tatu, chai bado ya moto, na mwenyeji wangu akashangaa nimejuaje. Kabla sijaweza kusema asante kwa Kiamhari, tayari nilikuwa naishi ndani ya siku yao.

Mwaka wao, lakini, ni mwingine kabisa. Una miezi kumi na mitatu: kumi na miwili ya siku thelathini thelathini, na wa mwisho wa siku tano tu, au sita kila baada ya miaka minne. Mwaka mpya unaingia tarehe 11 au 12 Septemba, mvua kubwa zinapokatika na milima inapojaa maua ya manjano, na watoto wa kike wanapita nyumba hadi nyumba wakiimba. Hesabu yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi, kwa hiyo mwaka wao wa 2000 waliusherehekea Septemba 2007, wakati dunia nzima ilishausahau. Wana herufi zao wenyewe pia, zaidi ya mia mbili, na utaziona juu ya duka la dawa, juu ya benki, kwenye basi. Nilipofika niliona ni ugumu tu wanajitafutia. Kadiri nilivyokaa nikaanza kuwaelewa: hawa ni watu ambao, kitu chao kikiwafaa, hawaoni sababu ya kukibadili kwa kuwa tu wengine wana cha namna nyingine.

Sasa nije kwenye kahawa.

Chumba nilichopanga Addis kilikuwa ndani ya ua mmoja na mwenye nyumba, mama mjane wa makamo. Jumapili ya kwanza aliniita kwake. Nilikuta ametandaza nyasi mbichi sakafuni, jiko la mkaa liko pembeni, ubani unafuka, na yeye amekaa kwenye kigoda mbele ya meza fupi yenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Majirani wameshaketi. Nilidhani kuna sherehe. Hakukuwa na sherehe, ilikuwa Jumapili tu.

Aliichukua kahawa mbichi, ile ile ya kijani mnayoijua ninyi baada ya kukobolewa, akaiosha mara mbili, akaimimina kwenye kikaango bapa. Alikaanga taratibu, anageuza, anageuza, mpaka zikaanza kulia na mafuta yakatokeza juu. Hapo akasimama na kikaango chake, akakipitisha mbele ya kila mtu, na kila mtu akauvuta moshi kwa kiganja kuelekea usoni na kusema neno jema. Halafu kinu na mchi. Halafu chungu cheusi cha udongo chenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba, wanakiita jebena, kikawekwa juu ya mkaa. Ilipochemka aliiacha itulie, machicha yashuke, kisha akamimina kutoka juu, kikombe baada ya kikombe, bila kukatisha mkondo hata mara moja na bila tone kudondoka nje. Pembeni kulikuwa na bisi na shayiri iliyokaangwa. Mjini wanatia sukari nyingi sana. Vijijini nilikunywa yenye chumvi, na sehemu nyingine yenye siagi, na wengine huchovya humo kitawi cha mmea wenye harufu kali kama dawa.

Kahawa hiyo hunywewa mara tatu kutoka chungu kilekile. Ya kwanza, abol, ndiyo nzito. Machicha yanaongezwa maji, yanachemshwa tena, inakuja ya pili, tona. Kisha ya tatu, nyepesi kabisa, inaitwa bereka, na hiyo ndiyo yenye baraka. Ukiaga kabla ya bereka, mwenyeji ataona umemwachia baraka mezani bila kuichukua.

Nilihudhuria vikao vya namna hiyo vingi mno, na naweza kuwaambia kwamba mji ule wa mamilioni ya watu unaendeshwa humo kuliko katika ofisi zake. Pale ndipo inapojulikana nani anaumwa, nani amepandishiwa kodi, binti wa nani amekwenda kufanya kazi za ndani nchi za Ghuba na hajapiga simu. Niliona majirani wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mfereji wa maji machafu wakipatanishwa kati ya kikombe cha pili na cha tatu. Hakuna aliyewahubiria. Mama alichelewesha tu kumimina mpaka mmoja wao akaanza kuzungumza.

Sitaki kuwapambia. Kazi yote ile ni ya wanawake, na inachukua saa nzima au zaidi, na kuna nyumba zinazoifanya asubuhi, mchana na jioni. Msichana anaacha daftari lake kwenda kupuliza mkaa wakati kaka yake anaendelea kusoma. Binti wa mwenye nyumba wangu, aliyekuwa chuo kikuu, alilisema hilo waziwazi mbele ya mama yake: kwamba siku atakapokuwa na nyumba yake, mwanamume naye atakaanga. Mama yake alimjibu kwamba katika siku nzima ya kuhangaika, ile ndiyo saa pekee anayokaa chini na watu wakakaa kumsikiliza. Niliwaona wote wawili wana haki, na hadi leo sijui ningeamuaje. Wanaume mliopo hapa, nawaomba mlikumbuke hili kwa sababu mwishoni nina ombi, na ombi hilo haliwahusu akina mama peke yao.

Huko barabarani kuna kahawa ya namna nyingine. Waitaliano waliikalia Ethiopia kuanzia 1936 hadi 1941, wakafukuzwa, lakini mashine zao za kahawa zilibaki. Kwa hiyo katikati ya Addis utaona watu wamesimama kwenye meza ndefu wanakunywa makiato, kahawa nzito yenye tone la maziwa, na hatua chache nje ya mlango huo yupo mama amekaa kwenye kigoda pembeni mwa barabara na jebena yake, anamuuzia konda wa basi, mfagiaji wa barabara na kijana anayeng'arisha viatu. Konda anakunywa na mlango wa basi uko wazi, huku anaendelea kuita abiria wa Piassa na wa soko kuu la Merkato. Hakuna aliye maskini kiasi cha kukosa kahawa, na sikukutana na tajiri aliyeiona ni kinywaji cha maskini.

Ndiyo maana karibu nusu ya kahawa yote inayovunwa Ethiopia inanywewa Ethiopia. Ndugu zangu, hiyo ndiyo nchi inayozalisha kahawa nyingi kuliko nyingine yoyote Afrika, na kahawa ndiyo zao lake kubwa la kuiletea fedha za kigeni. Wanazihitaji dola kama tunavyozihitaji sisi. Serikali yao inakataza kahawa ya daraja la kwenda nje isiuzwe sokoni ndani ya nchi, na hilo linawaudhi watu wa mjini, kwa sababu ile nzuri inapanda meli na wao wanabaki na iliyokataliwa. Hata hivyo wanakunywa. Na mkulima, ambaye hanunui sokoni, anakunywa ile iliyo bora ya shamba lake.

Nilipohamia Jimma, kusini-magharibi, ndipo nilipomjua huyo mkulima.

Kule kahawa haikuletwa na mtu. Misitu ya kusini-magharibi, ikiwemo ya Kaffa kuzunguka mji wa Bonga, ndiyo asili ya arabika, aina ya kahawa tunayoilima hata sisi, na hadi sasa inaota yenyewe chini ya miti mikubwa, mibuni mirefu, myembamba, iliyojaa kuvu na ndege. Mwaka 2010 UNESCO iliiweka misitu ya Kaffa kwenye orodha ya hifadhi zake za viumbe hai duniani. Ukiwa umekulia kihambani, kwenye shamba la nyumbani la Kichagga, kama mimi, umezoea kahawa iliyopogolewa, iliyopangwa chini ya migomba, kuiona porini bila mwenyewe ni jambo linalokunyamazisha. Niligusa majani yake nikatafuta kutu, ule ugonjwa wa majani, kwa mazoea.

Na mnajua chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, ilivyotutesa hapa. Kwao iliingia mwaka 1971, ikawamaliza. Watafiti wa Jimma walichofanya ni kupita mashambani na misituni wakitafuta miti iliyosimama na afya katikati ya ile iliyooza matunda, wakaichukua, wakaipima, wakaizalisha, na ndani ya miaka michache wakawa na mbegu ya kuwapa wakulima. Dawa ya kununua ilikuwepo, lakini ghali. Wao walikuwa na msitu. Kila ekari ya msitu ule inayokatwa leo kwa ajili ya mashamba na makazi, na inakatwa, ni hasara kwa mtu wa Jimma na kwa mtu wa Marangu pia.

Mzee mmoja nje kidogo ya Jimma, Mwislamu, Muoromo, alinikaribisha barazani kwake. Waoromo wana kahawa nyingine ambayo hainywewi: tunda zima linakaangwa na siagi, linaliwa kwa heshima, kwenye harusi, kwenye kupatana, mtoto akizaliwa. Tulikula hiyo kwanza. Kisha ikaja ya kunywa. Akaniuliza kahawa ya mlima wenu ina ladha gani, nikamweleza kama tunavyoeleza sisi waonjaji: uchachu wake mzuri, uzito wake, utamu unaobaki mdomoni. Alisikiliza sana. Kisha akauliza: na baba yako huikaanga vipi, nyepesi au nzito?

Nilimwambia kweli. Baba yangu ameihudumia kahawa tangu akiwa mtoto, ameipogoa, ameimenya, ameianika, ameibeba kichwani mpaka chamani, na asubuhi anakunywa chai.

Mzee hakucheka. Alinyamaza kidogo, akamwambia mkewe jambo kwa Kioromo, na kikombe changu kikajazwa tena. Halafu akaniambia kitu ambacho nimekibeba kuja nacho hapa: "Mnunuzi akija kuniambia kahawa yangu ya mwaka huu ni mbaya, mimi nimeshaionja jana."

Nitarudi kwenye maneno hayo. Niruhusuni kwanza niwaambie mengine mawili matatu ya watu wale, kwa sababu mwenyekiti aliniomba hivyo.

Kila mtaa una idir. Ninyi mnaijua kwa jina la chama cha kufa na kuzikana, lakini sijaona mahali ambapo jambo hili limeshika mizizi kama kule. Idir ina daftari, ina mwekahazina, ina faini kwa asiyehudhuria msiba, ina turubai, mabenchi, masufuria na sahani za kutosha mtaa mzima. Mtu akifa usiku, alfajiri turubai limesimama barabarani na magari yanazunguka njia nyingine bila kulalamika. Wafiwa hawapiki wala hawahesabu fedha. Mjini idir inachanganya Mkristo na Mwislamu, Muamhara na Mgurage, mwenye gari na mwenye mkokoteni, na wote wanalipa kiwango kimoja. Miaka ile ya Ukimwi ilipokuwa inamaliza watu, baadhi ya idir zilijiuliza kwa nini tunasubiri mtu afe, zikaanza kutunza wagonjwa wangali hai na kusomesha yatima. Wana na upatu wao, ekub, na wafanyabiashara wa Merkato wameanzisha maduka makubwa kwa fedha za ekub bila kukanyaga benki.

Chakula chao mmekisikia: injera, ule mkate mpana, laini, wenye uchachu, wa nafaka ya tef, na mboga zimewekwa juu yake, wote mnakula sinia moja. Mwenyeji akikupenda anakunja tonge kubwa na kukulisha kwa mkono wake. Waumini wa Kanisa la Orthodox wanafunga Jumatano na Ijumaa za karibu mwaka mzima, na siku 55 kabla ya Pasaka, na kufunga kwao ni kutogusa nyama, maziwa, siagi wala yai. Bucha nyingi zinafungwa. Migahawa inabadili sufuria zake zote ziwe za dengu, kunde, mbaazi na majani. Mji wa mamilioni unapunguza mlo wake kwa pamoja, na hakuna anayeona ni kituko.

Jambo lililonishangaza zaidi katika dini zao ni nyama. Kwetu, kwa desturi, Mwislamu anachinja na wote tunakula. Kule Mkristo hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, na Mwislamu hali ya Mkristo. Nilikwenda harusini nikakuta majiko mawili, wachinjaji wawili, meza mbili za nyama, na bwana harusi mmoja. Nilitarajia uhasama. Nikakuta mwenye harusi Mkristo amemtafuta mpishi Mwislamu wiki nzima kabla, ili rafiki zake wale washibe bila wasiwasi. Tofauti haikufichwa hata kidogo, iliandaliwa kama sehemu ya karamu. Bado napenda desturi yetu zaidi. Lakini nilijifunza kwamba kuna heshima inayoweza kupikwa kwenye vyungu viwili.

Kuna machungu pia, na nisipoyataja nitakuwa nimewadanganya. Maisha ni ghali mno, vijana wenye shahada wanakaa mitaani, na wengi wanatoka nchini kwa njia za hatari kupitia jangwani na baharini. Vita vya Tigray vilianza Novemba 2020 na kusimamishwa kwa makubaliano ya Pretoria Novemba 2022, baada ya kuua watu wengi kupita kiasi, na mapigano mengine yaliendelea Amhara na Oromia. Kwenye kahawa nilijifunza kuna maswali hayaulizwi. Mimi, Mchagga niliyezoea kutaniana na Mpare tangu shule ya msingi, ilinichukua muda kuelewa kwamba kumuuliza mtu kabila lake kule kunaweza kuzima mazungumzo yote. Rafiki zangu walinisikiliza nikieleza utani wa makabila yetu kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali sana. Mmoja aliniambia, kilindeni hicho. Namfikishia salamu zake kwenu.

Na wanamkumbuka Mwalimu. Jengo la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika pale Addis lina jina la Julius Nyerere, na tangu mwaka 2024 sanamu yake imesimama huko. Wao wanaoenzi ushindi wa Adwa wa mwaka 1896, walipolishinda jeshi la Italia, hawakosi la kujivunia la kwao wenyewe, lakini mara nyingi dereva wa teksi akisikia natoka Tanzania alilitaja jina lile kabla sijalitaja mimi.

Sasa nirudi kwa mzee wa Jimma.

Kahawa yetu ilipandwa hapa na wamisionari wa Kilema, mwisho wa karne ya kumi na tisa. Babu zetu waliichukua wakaifanya yao: mwaka 1925 walikuwa na chama cha wapandaji, na mwaka 1933 wakaunda KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, moja ya vyama vya ushirika vya kwanza vya Waafrika barani. Kahawa imejenga shule za mlima huu, imeezeka mabati, imenisomesha mimi. Lakini tangu mwanzo ilikuwa kitu cha kupeleka. Tuliimenya, tukaianika, tukaipeleka ikiwa bado ndani ya ganda lake, na kukobolewa, kukaangwa na kuonjwa vikafanywa mahali pengine na watu wengine. Mpaka leo, katika kila kilo kumi za kahawa ya Tanzania, zaidi ya tisa zinatoka nje ya nchi.

Wala si kweli kwamba Watanzania hawana desturi ya kahawa. Wahaya wa Kagera walikuwa wakitafuna kahawa yao ya aina ya robusta iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri karne nyingi kabla ya Mzungu kufika, wakimkaribishia mgeni, na wakigawana punje mbili za tunda moja katika kuchanjia udugu. Pwani nzima, Tanga, Bagamoyo, Unguja, wazee wanakaa vijiweni jioni na kahawa chungu na kashata, muuzaji akipita na dele lake na kugonganisha vikombe. Hata Moshi mjini vijiwe hivyo vipo. Tulioachwa nje ni sisi tuliolima.

Tunalipa gharama ya hilo kila msimu. Mnunuzi anakuja na kijitabu kimeandikwa daraja, na sisi tunatazama daraja. Hatuna la kumjibu, kwa sababu kitu anachokipima kipo mdomoni mwake tu. Ethiopia mwaka 2005 iliomba Marekani isajili majina ya maeneo yake ya kahawa, Yirgacheffe, Sidamo na Harar, kama alama zake za biashara, ili asiyekuwa na ruhusa asiyatumie. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani kilipinga, na ubishi na Starbucks ulifika magazetini kote duniani, mpaka mwaka 2007 kampuni hiyo ikakubali kutia saini mkataba na Ethiopia. Nilipouliza wakulima kuhusu suala lile, wengi hawakujua lolote la sheria za alama za biashara. Walichokijua, na walinieleza kwa kirefu mpaka kahawa ikapoa, ni tofauti ya ladha ya Yirgacheffe na ya Harar. Mtu anayeijua tofauti hiyo kwa ulimi wake hawezi kukubali kirahisi mwingine aichukue kwa jina.

Mwenyekiti, hili ndilo ombi langu, na nimeshalizungumza na bodi. Msimu huu kila mwanachama abakize nyumbani kilo chache za kahawa ikiwa bado ndani ya ganda lake, za mbivu zilizochumwa vizuri, zisizochanganywa. Hakuna haja ya mashine, kinu cha nyumbani kinakoboa, na upepo unapepeta. Kukaanga nitafundisha mimi, kijiji kwa kijiji, kuanzia wiki ijayo, na nataka wanaume nao waje na mwiko mkononi. Kikaango cha chapati kinatosha. Moto mdogo, kugeuza bila kuacha, na kuitoa kabla haijawa nyeusi, kwa sababu ikiwa nyeusi utaonja moto tu na shamba lako hutalionja.

Mkutano ujao nitafika mapema, saa moja asubuhi. Nitakuwa na meza, maji ya moto na vikombe. Naomba wazee watatu walioiuza kahawa kwa miaka mingi kuliko wote hapa walete kila mmoja ya kihamba chake, imeandikwa jina, ya mlimani, ya kati na ya tambarare. Tutaziweka sambamba, na wao ndio watakaoonja kwanza, kabla yangu, na kutuambia wanachokipata. Vijana wawili waandike kila neno. Karatasi hizo tutaziweka kwenye faili la chama, na siku mnunuzi akija na kijitabu chake, katibu atakuwa na chetu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.